Ekari Nne za Kamĩrĩĩthũ

Limuru iko juu, kilomita 30 hivi kutoka Nairobi, karibu na ukingo wa Bonde la Ufa. Ni mji wa baridi na ukungu. Majani chai yametanda upande wa Tigoni, reli inapita, na tangu enzi za mkoloni kiwanda cha viatu cha Bata kimekuwa kikiajiri watu wa vijiji vya karibu. Kamĩrĩĩthũ ni kimojawapo cha vijiji hivyo. Hapo, kati ya mwaka 1976 na 1982, wakulima, vibarua na wafanyakazi wa viwandani walijenga ukumbi wao wenyewe, wakaigiza humo, na serikali ikaubomoa.

Kijiji chenyewe kilizaliwa kwa amri. Hali ya hatari ilipotangazwa mwezi Oktoba 1952, Waingereza walitafuta njia ya kuwatenga wapiganaji wa Mau Mau msituni na jamaa zao waliokuwa wakiwapelekea chakula na habari. Kuanzia mwaka 1954 zaidi ya watu milioni moja katika eneo la Wakikuyu, Waembu na Wameru waling'olewa makwao na kusongamanishwa katika vijiji zaidi ya 800, chini ya macho ya homugadi, wanamgambo wenyeji waliokuwa upande wa Waingereza. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyezaliwa Limuru mwaka 1938, aliondoka nyumbani mwaka 1955 kwenda kuanza masomo katika Shule ya Upili ya Alliance. Alipofunga shule muhula wa kwanza hakuwakuta mama yake na nduguze pale alipowaacha. Boma lilikuwa limebomolewa, na familia imehamishiwa kijiji kipya, Kamĩrĩĩthũ.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963 vijiji vingi vya namna hiyo havikuvunjwa. Waliokuwa na shamba la kurudia walirudi. Waliopoteza ardhi wakati wa hali ya hatari, au ambao tangu hapo hawakuwa nayo, walibaki pale pale, wakaamkia mashamba ya chai na milango ya viwanda kila asubuhi. Walikuwa na bendera mpya na mshahara wa kibarua. Nalitaja hili mapema kwa sababu mchezo uliowaletea taabu baadaye ulihusu ardhi na mshahara, na wanakijiji hawakuhitaji profesa wa kuwafundisha habari za vitu hivyo viwili.

Katikati ya kijiji palikuwa na ekari nne zilizotengwa kwa ajili ya kituo cha vijana. Sehemu kubwa ilikuwa nyasi tupu. Jengo lililokuwepo lilikuwa banda la udongo lenye vyumba vinne, kuukuu, kuta zikimomonyoka. Mwaka 1976 mwanamke mmoja wa kijiji alikwenda nyumbani kwa Ngũgĩ, ambaye wakati huo alikuwa mkuu wa Idara ya Fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi na mwandishi anayesomwa duniani. Alimwambia waziwazi kwamba wasomi kama yeye wanapaswa kukirudishia kijiji sehemu ya elimu yao, na kwamba kituo kile kilihitaji mkono. Alipoona jibu linasuasua alirudi Jumapili iliyofuata, na nyingine, mpaka akakubaliwa. Vitabu vinapoeleza habari za Kamĩrĩĩthũ huanza na kumalizia kwa Ngũgĩ. Mimi naona haki inataka tuanze na mwanamke huyo, aliyejua anachokitaka na hakukubali kuzungushwa.

Kazi ya kwanza haikuwa sanaa. Ilikuwa kisomo cha watu wazima, ngumbaru kama wengi walivyozoea kuita. Kiliongozwa na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, mtaalamu wa elimu ya watu wazima kutoka Taasisi ya Taaluma za Maendeleo ya chuo hicho hicho. Alifuata mawazo ya Mbrazili Paulo Freire: mtu mzima hafundishwi herufi kama mtoto, bali anajifunza kusoma kwa kuyajadili maisha yake mwenyewe. Basi katika banda lile la udongo watu waliandika habari za kazi, za deni, za shamba lililokwenda. Waliokuwa hawajui kushika kalamu waliandika maisha yao. Kutoka hapo hadi kwenye mchezo wa kuigiza hapakuwa mbali.

Kamati ya kituo iliwaomba akina Ngũgĩ wawili hao waandike mchezo. Muswada wa *Ngaahika Ndeenda* ulikuwa tayari kufikia Aprili 1977. Wasomaji wa Kiswahili waliupata baadaye, mwaka 1982, kwa jina la *Nitaolewa Nikipenda*. Habari yake ni nyepesi kusimulia. Kĩgũũnda ni kibarua wa shambani mwenye ekari moja na nusu, na hati yake ya kumiliki ardhi ameitundika ukutani. Tajiri wake, Ahab Kĩoi, anaitaka ardhi hiyo ijengwe kiwanda. Kĩgũũnda na mkewe Wangeci wanashawishika kufunga ndoa upya kanisani wakidhani ndiyo njia ya kuunganisha familia yao na ya Kĩoi kupitia binti yao Gathoni. Wanakopa kwa dhamana ya ile hati. Deni linawashinda na ardhi inakwenda.

Muswada huo ulisomwa hadharani, na hapo ndipo wenye kijiji walipoutwaa. Kwa muda wa miezi miwili hivi watu waliketi na kuukosoa. Wazee walisikiliza maneno aliyopewa mhusika mzee, wakasema hapana, mtu wa umri huu hawezi kutamka hivi, mwekeeni methali hii. Wafanyakazi wa kiwandani walijua mshahara unavyohesabiwa, nao walitaka hesabu hizo zisemwe kama zilivyo. Wimbo wa kujibizana wa sherehe ya ndoa, gĩtiiro, waandishi hawakuujua vizuri. Aliyewafundisha, hatua kwa hatua, ni mama mkulima asiyejua kusoma. Bunduki za kuigizia za Mau Mau zilichongwa na watu wale wale waliowahi kuunda bunduki za kweli kwa ajili ya wapiganaji wa msituni miaka ya 1950. Mkono uliokuwa umeficha chuma chini ya kitanda miaka 25 iliyopita sasa ulikuwa unachonga mti mbele ya watoto, na kuwaeleza ilivyokuwa.

Mazoezi yalianza mwezi Juni. Yalifanywa Jumamosi na Jumapili alasiri, kwa kuwa siku nyingine zilikuwa za kazi na asubuhi ya Jumapili ni ya kanisa. Yalifanywa nje, palipo wazi. Kwa kawaida kundi la maigizo hujificha mpaka siku ya kwanza ya maonyesho, lakini pale yeyote aliyepita njia aliweza kusimama, kutazama na kutoa maoni. Hata kabla ya siku ya ufunguzi wengi walijua maneno ya wahusika kama walivyojua tenzi za kanisani. Mwongozaji, Kĩmani Gecaũ, pia wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alikuwa na kazi ngumu ya kuwaongoza waigizaji ambao kila mtu kijijini alijiona mwalimu wao. Ngũgĩ ameandika kwamba katika miezi ile, kuanzia Juni hadi Novemba, fujo za ulevi zilizokuwa kawaida ya kijiji zilikoma. Waigizaji wenyewe ndio walioamua kuiacha pombe.

Wakati mchezo ukinolewa, ukumbi ulikuwa unajengwa. Hapakuwa na mchoraji ramani wa kulipwa. Vijana wa kijiji walipanga njiti za kiberiti chini, wakazipangua na kuzipanga tena mpaka wakaridhika, kisha wakatengeneza mfano mdogo, ndipo wakaenda kwenye mbao na magogo. Walijenga jukwaa la nusu duara lililoinuliwa, nyuma yake ukuta wa mianzi, na mbele yake viti vya kupanda ngazi kwa ngazi vya kutosha watu zaidi ya 2,000. Paa halikuwepo. Kati ya mwigizaji na mtazamaji hapakuwa na kizuizi chochote, na mtu aliweza kuingia jukwaani akitokea katikati ya watu. Nairobi kulikuwa na Ukumbi wa Taifa wa Maigizo, uliofunguliwa mwaka 1952 kwa ajili ya walowezi, na hata miaka kumi na zaidi baada ya uhuru Waafrika walikuwa bado wanagombea nafasi ndani yake. Ngũgĩ na Mĩcere Gĩthae Mũgo walilijua jambo hilo vyema, kwa kuwa mwaka 1976 walihangaika kuupatia nafasi humo mchezo wao kuhusu kesi ya kiongozi wa Mau Mau, Dedan Kimathi. Watu wa Limuru hawakugombea. Walijenga wa kwao.

Jumapili ya Oktoba 2, 1977, *Ngaahika Ndeenda* ilifunguliwa. Watu walikuja kwa miguu kutoka vijiji vya jirani, kisha kwa matatu na mabasi ya kukodi kutoka mbali. Jiji ndilo lililopanda mlima kwenda kuitazama sanaa kijijini. Wimbo ukianza jukwaani, viti vilijibu.

Leseni ya maonyesho iliyotolewa na ofisi ya mkuu wa wilaya ya Kiambu ilifutwa Novemba 16, wiki sita na kidogo baadaye. Usiku wa kuamkia Desemba 31 polisi walimchukua Ngũgĩ nyumbani kwake Limuru. Alitiwa kizuizini bila kushtakiwa katika gereza la Kamiti. Humo, kwenye karatasi za chooni, aliandika riwaya ya Kikuyu iliyokuja kusomwa kwa Kiswahili kwa jina la *Shetani Msalabani*. Jomo Kenyatta alifariki Agosti 22, 1978, na Rais Daniel arap Moi aliwaachilia wafungwa wa kisiasa Desemba 12 mwaka huo. Kazi ya chuo kikuu Ngũgĩ hakurudishiwa.

Kwa nini mchezo huu? Mwezi Julai 1977, miezi mitatu kabla ya ufunguzi wa Kamĩrĩĩthũ, Ngũgĩ alichapisha kwa Kiingereza riwaya ya *Petals of Blood*. Riwaya hiyo inawashambulia matajiri wapya, mabenki na wanasiasa kwa ukali usiopungua ule wa mchezo. Haikupigwa marufuku. Ilizinduliwa Nairobi, na aliyeizindua ni waziri wa fedha wa wakati huo, Mwai Kibaki. Kwa hiyo si kweli kwamba serikali haikuvumilia lawama. Lawama za kwenye kitabu cha Kiingereza, mikononi mwa wenye elimu na pesa ya kununua vitabu, zilivumilika. Iliyowatia watawala hofu ni lawama hiyo hiyo ikitamkwa kwa lugha ya mama na kibarua wa majani chai, mbele ya vibarua wenzake 2,000, kwenye jukwaa alilolijenga yeye, jioni ambayo baadaye kila mmoja atarudi nyumbani akijadili alichokiona. Na hata lugha peke yake haielezi yote. Watu walikuwa wamepata mahali pa kukutana pasipo chifu wala mwanasiasa wa kuwaitisha, wakajipangia wenyewe ajenda, na wakagundua kwamba wanaweza kuendesha jambo kubwa kwa mikono yao. Ekari nne za namna hiyo ziliwatia watawala wasiwasi kuliko rafu nzima ya vitabu.

Kilichofuata kinanithibitishia hivyo. Kituo hakikufa wakati Ngũgĩ yuko Kamiti. Alipotoka, kikundi kilijikusanya tena, na mwishoni mwa mwaka 1981 kilianza mazoezi ya mchezo mwingine, *Maitũ Njugĩra*, yaani *Mama Niimbie*, uliojaa nyimbo za makabila mbalimbali ya Kenya na uliohusu kazi ya kulazimishwa na kipande, kitambulisho cha lazima cha enzi za mkoloni. Ulitarajiwa kufunguliwa katika Ukumbi wa Taifa Februari 19, 1982. Leseni iliombwa mapema, lakini jibu halikuja. Siku ilipofika wanakijiji walikuta milango imefungwa na polisi wako pale. Hawakurudi nyumbani. Walihamia ukumbi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na kuendelea na kile walichokiita mazoezi, kwa sababu mazoezi hayahitaji leseni. Kila jioni watu walifurika, wengine wakiketi sakafuni na kwenye ngazi, mpaka maelfu walikuwa wameutazama mchezo ambao rasmi haujawahi kuonyeshwa. Baada ya siku chache chuo nacho kiliamriwa kuufunga mlango.

Machi 11, 1982, siku ya Alhamisi, serikali ilikifutia usajili Kituo cha Elimu na Utamaduni cha Jamii ya Kamĩrĩĩthũ na kupiga marufuku maigizo yote katika eneo hilo. Kesho yake malori matatu ya polisi wenye silaha yalikwenda kijijini. Jukwaa, viti na ukuta wa mianzi vilibomolewa hadi chini. Wazee waliosimama kutazama walikuwa wameyaona hayo mara moja kabla, chini ya bendera nyingine.

Kwenye viwanja vile baadaye ilijengwa shule ya ufundi. Ngũgĩ alikuwa London mwaka huo huo kwa uzinduzi wa tafsiri ya Kiingereza ya riwaya aliyoiandika Kamiti, akaonywa asirudi, akabaki uhamishoni. Alifariki Marekani Mei 28, 2025. Ngũgĩ wa Mĩriĩ na Kĩmani Gecaũ walikimbilia Zimbabwe, taifa lililokuwa na uhuru wa miaka miwili tu, na kazi ya Limuru ikaendelea huko kwa watu wengine. Ngũgĩ wa Mĩriĩ alitumia miaka zaidi ya 20 kuwasaidia wanavijiji wa Zimbabwe kuunda vikundi vyao vya maigizo, mpaka alipofariki huko kwa ajali ya gari mwaka 2008. Nchini mwake jina lake halitajwi vya kutosha, na mara nyingi husomwa tu kama jina la pili kwenye jalada la kitabu.

Waigizaji na mafundi walibaki Limuru, wakaendelea na vibarua vyao chini ya utawala ambao, baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, uliongeza ukali. Hao hawakuwa na uhamisho wa kwenda wala chuo cha kuwapokea.

Mwezi Mei 2022 *Ngaahika Ndeenda* ilirudi jukwaani, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza, katika Ukumbi wa Taifa uliofungwa milango miaka 40 kabla. Watazamaji walijaa, na ulikuwa ushindi wa kweli kwa waliopigania mchezo huo usisahaulike. Ila safari hii njia iligeuka. Mtu wa Kamĩrĩĩthũ aliyetaka kuwaona Kĩgũũnda na Wangeci ilimbidi apande matatu, ateremke Nairobi, na anunue tikiti.