Makumbusho ya Reli na Shule za Magharibi ya Nairobi

Neno makumbusho limetokana na kitenzi kumbusha, na kitenzi hicho hakikamiliki pasipo yambwa: hapana budi awepo wa kukumbushwa. Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyoanzishwa mwaka 1971 kwa juhudi za Fred Jordan, yana vitu vingi vya kukumbushia. Anayekumbushwa ndiye aliyesahauliwa.

Wanafunzi wafikishwao hapo aghalabu huonyeshwa behewa ambamo Charles Ryall aliuawa na simba huko Kima mwaka 1900, hupandishwa kwenye injini kubwa iitwayo Mount Gelai, kisha hurudishwa shuleni. Simba hukumbukwa. Vibarua zaidi ya 31,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, ambao karibu 2,500 kati yao walifariki, hawana simba wa kuwatangaza. Waafrika waliofyeka njia na kubeba mataruma ndio kabisa.

Upungufu huu hauwezi kuzibwa na makumbusho peke yake. Reli iliyofika Nairobi mwaka 1899 iliendelea kuelekea magharibi, na leo njia yake hupita Kibera, Dagoretti na Kikuyu. Mtoto wa shule ya huko huvuka reli, naye anaishi katika majina yenye ushahidi. Kibera ni kibra ya Kinubi, yaani msitu, jina lililoachwa na askari wenye asili ya Sudani waliopewa makazi hapo. Nairobi yenyewe ni Enkare Nairobi ya Wamaasai, maji baridi. Dagoretti palikuwa na ngome ya Lugard mwaka 1890, miaka tisa kabla ya reli. Na Waiyaki wa Hinga, aliyepatana naye, alikamatwa mwaka 1892 akafia Kibwezi akipelekwa pwani. Basi masimulizi kwamba mji ulizaliwa mwaka 1899 penye kinamasi kitupu ni masimulizi ya mhandisi.

Kwa hiyo ziara ianzie nyumbani. Kabla ya kwenda mjini, wanafunzi wakusanye kwa wazee majina ya mahali na msamiati wa kazi: gadi, landhi, stesheni, behewa. (Behewa, katika kamusi za zamani, ni ua wa ndani wa nyumba, namna lilivyopandishwa relini ni somo zima.) Waliofanya kazi katika shirika la pamoja la reli kabla halijavunjika mwaka 1977 sasa ni wazee sana, na kila muhula unaopita huwapunguza.

Yamkini itapingwa kwamba makumbusho ya injini si mahali pa Kinubi wala Kikuyu. Lakini injini hazikujiendesha. Chumba kimoja chatosha kuhifadhi nakala za sauti hizo, kila moja ikiandikwa lugha, mahali na mwaka iliponaswa, pamoja na jina la msemaji akiridhia. Na idara za lugha za vyuo vikuu vya mjini zinao wanafunzi wa kuzinukuu kwa maandishi.