Mbio za kupunguza mrundiko wa fidia ya ulemavu kwa wanajeshi wa zamani wa Marekani

MWEZI Machi 2013, zaidi ya maombi 600,000 ya fidia ya ulemavu yaliyowasilishwa na wanajeshi wa zamani wa Marekani yalikuwa yamepitisha siku 125 bila kuamuliwa. Idara ya Wanajeshi wa Zamani ya nchi hiyo, ijulikanayo kwa kifupi kama VA, ndiyo iliyojiwekea kipimo hicho: ombi likizidi siku hizo huhesabiwa kuwa limechelewa. Katika baadhi ya miji mikubwa subira ilipita mwaka mzima. Miongoni mwa waliosubiri walikuwamo vijana waliojeruhiwa Iraq na Afghanistan, na wazee waliopigana Vietnam zaidi ya miaka 40 awali.

Fidia yenyewe hulipwa kila mwezi na haitozwi kodi. Kiwango chake hutegemea ukubwa wa ulemavu, unaopimwa kwa asilimia kuanzia 0 hadi 100, kwa kupanda kumi kumi. Mwaka 2024 aliyepimwa asilimia 10 alipokea takriban dola 171 kwa mwezi, na aliyepimwa asilimia 100 bila wategemezi alipokea zaidi ya dola 3,700. Hesabu yenyewe ina miujiza yake. Mtu aliye na ulemavu wa asilimia 50 kwa jeraha moja na 30 kwa jingine hapewi 80. Huchukuliwa kwamba amebakiwa na nusu ya uzima wake, na ile 30 hupigwa kwa nusu hiyo tu. Jumla huwa 65, kisha hukadiriwa kuwa 70. Askari wengi huduwaa wanapoipata barua ya uamuzi.

Malipo huanza kuhesabiwa, kwa kawaida, tangu siku ombi lilipopokelewa. Kwa hivyo anayecheleweshwa miaka miwili hatimaye hupewa malimbikizo yake yote. Lakini mwenye nyumba hangoji malimbikizo, na aliyerudi vitani akiwa hawezi kufanya kazi huhitaji fedha mwezi huu, si mwaka kesho kutwa.

Wengi waliozungumzia mrundiko huo waliwalaumu makarani kwa uzembe. Lawama hiyo haikugusa kiini. Kutoa uamuzi wenyewe, faili ikiwa imekamilika, si kazi ya miezi. Muda mwingi hupotea katika kutafuta ushahidi. Mwombaji hutakiwa kuonyesha mambo matatu: kwamba ana maradhi au jeraha sasa, kwamba kuna tukio lililompata akiwa jeshini, na kwamba daktari anaona yapo mafungamano kati ya mambo hayo mawili. Sheria ya mwaka 2000 inailazimu VA kumsaidia mwombaji kuutafuta ushahidi huo. Hivyo basi barua huandikwa kwa jeshi, kwa hospitali na kwa madaktari wa kibinafsi, kisha mwombaji hupangiwa siku ya kupimwa. Kila barua ina subira yake. Ushahidi ukilingana pande zote mbili, shaka humfaidi mwombaji. Lakini lazima kwanza ushahidi upatikane.

Na mara nyingine haupatikani. Mnamo Julai 12, 1973, moto uliteketeza ghala la kumbukumbu za wanajeshi karibu na mji wa St. Louis na kuharibu faili kati ya milioni 16 na 18, zikiwamo nyingi za askari wa nchi kavu waliotumikia kati ya 1912 na 1960. Hapakuwa na nakala. Askari wa Vita Vikuu vya Pili au vya Korea aliyeomba fidia baada ya hapo alilazimika kuijenga upya historia yake kwa barua za zamani, picha na maneno ya wenzake walionusurika.

Hata faili zilizosalimika zilikuwa mzigo, tena mzigo halisi. Ukaguzi uliotolewa mwaka 2012 kuhusu ofisi ya VA ya Winston-Salem, katika jimbo la North Carolina, uligundua kwamba takriban faili 37,000 zilikuwa zimepangwa juu ya makabati kwa kukosa nafasi, na kwamba uzito wake ulihatarisha sakafu ya jengo. Faili moja iliweza kuwa na mamia ya kurasa. Ilipohitajika mahali pawili, mmoja alingoja mwenzake amalize.

Jambo lililoufanya mrundiko huo uvimbe, hata hivyo, lilikuwa jema. Mwaka 2009 maombi mapya yalipita milioni moja kwa mwaka kwa mara ya kwanza. Mwaka uliofuata VA ilirahisisha masharti mara mbili. Julai 2010 ilikubali kwamba anayeugua kiwewe cha vita hatalazimika tena kuthibitisha kwa nyaraka tukio lililomtia hofu, mradi simulizi yake iafikiane na mazingira aliyotumikia na mtaalamu wa VA athibitishe ugonjwa. Mwezi uliofuata iliongeza maradhi ya moyo, ugonjwa wa Parkinson na aina fulani za saratani ya damu katika orodha ya maradhi yanayohusishwa na Agent Orange, dawa ya kupukutisha majani iliyonyunyizwa Vietnam. Aliyekanyaga ardhi ya Vietnam na kupata mojawapo ya maradhi hayo hakutakiwa tena kuthibitisha kwamba dawa hiyo ndiyo iliyomdhuru. Sheria ilikwisha kumwaminia hilo. Kwa amri ya mahakama, maelfu kwa maelfu ya maombi ya kale yaliyokuwa yamekataliwa yalifunguliwa upya, na maafisa wenye ujuzi mkubwa wakaondolewa kwenye kazi ya kawaida ili kuyashughulikia.

Waziri aliyehusika, Eric Shinseki, jenerali mstaafu ambaye mwenyewe alipoteza sehemu ya mguu Vietnam, alikuwa ameahidi mwaka 2010 kwamba ifikapo 2015 hakuna ombi litakalopita siku 125, na kwamba maamuzi yatakuwa sahihi kwa asilimia 98. Mwezi Aprili 2013 aliagiza maombi yaliyozidi miaka miwili yaamuliwe kwanza, ndani ya siku 60. Mwezi uliofuata wafanyakazi walilazimishwa kufanya kazi ya ziada ya saa 20 kwa mwezi. Kufikia katikati ya mwaka huo mfumo wa kompyuta ulikuwa umefikishwa katika ofisi zote 56, na makaratasi yakaanza kupelekwa kwa wingi kugeuzwa picha za kompyuta.

Hatua mbili zilizoonekana ndogo ndizo zilizofika kwenye mzizi. Ya kwanza ilimruhusu mwombaji kuleta ushahidi wote kwa pamoja na kutamka kwamba hana kingine cha kuongeza, ili ofisi isianze kuandika barua za kuutafuta. Ya pili ilikuwa fomu maalumu kwa kila ugonjwa, ambayo daktari hujaza yale tu yanayohitajika katika kupima asilimia. Kabla ya hapo daktari aliweza kuandika kurasa kumi na asiutaje upeo wa goti kukunjika, ambao ndio mwamuzi aliouhitaji. Kuanzia 2016 maombi yaligawanywa kwa kompyuta nchini kote, hivi kwamba ofisi yenye nafasi iliweza kuamua ombi la mkazi wa jimbo jingine.

Agosti 2015 waliochelewa walishuka chini ya 100,000. Ahadi ya kutobaki hata mmoja haikutimia. Isitoshe, hesabu hiyo haikujumuisha rufaa. Kwa vile maafisa walielekezwa kwenye maombi mapya, rufaa zilijazana hadi zikapita 400,000 mwaka 2017, na aliyepinga uamuzi aliweza kusubiri miaka kadhaa. Kwa wengi foleni haikwisha; walihamishiwa nyingine isiyotangazwa. Ndiyo sababu bunge lilipitisha mwaka huo sheria ya kurekebisha rufaa, iliyoanza kutumika Februari 2019. Asiyeridhika sasa huchagua njia moja kati ya tatu: kuleta ushahidi mpya, kuomba afisa wa ngazi ya juu aipitie faili ileile, au kwenda moja kwa moja mbele ya Bodi ya Rufaa.

Mwezi Agosti 2022 yaliyotokea 2010 yalijirudia kwa ukubwa zaidi. Sheria ya PACT iliongeza zaidi ya maradhi 20, yakiwamo saratani na maradhi ya mapafu, kwa askari waliovuta moshi wa mashimo makubwa ambamo jeshi lilichomea taka. Orodha ya nchi husika haiwahusu wa Iraq na Afghanistan pekee. Wamo waliotumikia Somalia na Oman tangu Agosti 1990, na Djibouti tangu Septemba 2001. Maombi yalifurika na mrundiko ukapanda tena. Safari hii, hata hivyo, VA ilikuwa imeajiri watu wengi zaidi, na tangu mwishoni mwa 2021 ilikuwa imeanza kutumia kompyuta kukusanya vipimo vya shinikizo la damu kutoka kwenye faili za wagonjwa, huku uamuzi ukibaki kwa binadamu. Katika mwaka wa fedha wa 2024 iliamua zaidi ya maombi milioni 2.5, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa hapo awali.

Wapo wasiofikiwa na kasi hiyo. Zamani mwombaji alipofariki, ombi lake lilikufa naye. Mjane alilazimika kuanza lake upya. Kwa vifo vilivyotokea tangu Oktoba 10, 2008, sheria inamruhusu mjane, mtoto au mzazi anayestahili kusimama mahali pa marehemu, kuongeza ushahidi na kuendelea na ombi pale lilipofika, mradi ajitokeze kabla ya mwaka mmoja kupita tangu kifo.