Visa vya Qurani: Historia au Ngano za Kale?

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyeifuata njia yao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Enyi ndugu Waislamu, tumche Mwenyezi Mungu tunaponyamaza na tunaposema. Na tumche zaidi tunaposema juu ya maneno Yake.

Leo ni Ijumaa, na katika nyumba nyingi, kuanzia hapa Same mjini mpaka Usangi, Ugweno, Mbaga na Gonja, husomwa Suratul Kahf, yenye kisa cha vijana waliolala pangoni. Na katika nyumba hizo hizo wamo vijana wetu wa shule za sekondari, wa kiume na wa kike, wanaofundishwa kwamba historia ni jambo lenye ushahidi: maandishi, masimulizi yaliyochunguzwa, na vitu vilivyochimbuliwa ardhini. Kijana wa namna hii huuliza: Je, vijana wa pangoni walikuwako kweli? Safina ya Nabii Nuhu ilielea kweli? Au haya ni masimulizi ya kututia adabu tu, mfano wa yale ya sungura na fisi?

Wako wazazi na walimu wanaolijibu swali hili kwa ukali, na kijana akanyamaza. Lakini kunyamaza si kusadiki. Huenda akaondoka na swali lake akalipeleka kwa mtu mwingine, asiyeitakia dini yake mema. Kwa hiyo yatupasa tulijibu.

Kwanza tutazame lugha yetu. Kiswahili kina neno moja, hadithi, ambalo tunalitumia kwa mambo matatu. Maneno na mwenendo wa Mtume (s.a.w.) ni Hadithi. Kisa cha Nabii Yusuf huitwa hadithi. Na sungura aliyemdanganya fisi ni hadithi vile vile. Basi si ajabu mtoto akiyatia yote katika kapu moja. Lakini bibi zetu walijua kutenga. Wakitaka kusimulia ngano husema, “Paukwa!” na watoto wakaitika, “Pakawa!” Huo ni mlango, kila aingiaye anajua kwamba ameingia katika nyumba ya maneno ya kubuni. Hatujapata kumsikia bibi akisema “Paukwa” kabla ya kusoma Sura Yusuf.

Wala swali lenyewe si geni. Mahali tisa katika Qurani wanatajwa watu walioyaita maneno ya Mwenyezi Mungu ngano za watu wa kale. Katika sira ya Mtume (s.a.w.) anatajwa an-Nadhr bin al-Harith, Mkureshi aliyejifunza visa vya wafalme wa Uajemi, kina Rustam na Isfandiyar. Mtume (s.a.w.) alipoinuka barazani baada ya kuwaonya watu, yeye hukaa pale pale na kuwasimulia vyake, akidai kuwa ni vizuri zaidi. Kwake yeye lililokuwa muhimu ni utamu wa masimulizi. Kwa Qurani lililo muhimu ni mazingatio, nayo ndiyo maana ya aya ya mwisho ya Sura Yusuf: kwamba katika visa vyao mna mazingatio kwa wenye akili, wala hayo si maneno yaliyozuliwa. Tushike mambo mawili katika aya hiyo: visa ni kwa ajili ya mazingatio, na visa havikuzuliwa. Anayeshika moja na kuliacha la pili amepotea nusu ya njia.

Ndugu Waislamu, tuushuke mlima wetu wenyewe ili jambo hili lionekane wazi. Katika mwaka 1969 mwanahistoria Isaria Kimambo, mzaliwa wa Upare, alitoa kitabu cha historia ya utawala wa Wapare tangu karibu mwaka 1500 hadi 1900. Kwa karne nyingi katika hizo hapakuwa na maandishi ya wenyeji. Alikwenda kwa wazee, akasikiliza masimulizi ya koo, akayalinganisha. Masimulizi ya Ugweno yanaeleza kwamba Washana, ukoo wa wahunzi, ndio waliokuwa na mamlaka. Kisha Wasuya wakawapindua, na hapo yanatajwa majina ya Angovi na Mranga. Mwanahistoria hakuyatupa maneno hayo kwa sababu hayakuandikwa, wala hakulikubali kila neno kwa sababu limetoka kinywani mwa mzee. Alipima.

Sasa tazameni. Katika miaka ya 1960 wachimbuzi walipata pale Bombo Kaburi, Upare ya Kusini, vigae vya vyungu vya zama za mwanzo za chuma, vya aina ile iliyopatikana Kwale, Kenya. Umri wake ulikadiriwa kuwa wa karibu karne ya 3 Miladi. Basi watu wa zama za chuma walikuwako katika milima hii zaidi ya miaka elfu moja kabla ya habari za Wasuya na Washana. Je, wazee wa Ugweno wamesema uongo? Hasha. Wao hawakukusudia kueleza chuma kilianza lini. Walikusudia kueleza mamlaka yalivyotoka mkono huu yakaingia mkono ule. Anayemwuliza msimulizi jambo ambalo hakukusudia kulisema, kisha akamwita mwongo kwa kutolisema, amemdhulumu.

Ikiwa hii ndiyo haki ya mzee wa ukoo, Kitabu cha Mwenyezi Mungu kina haki kubwa zaidi. Qurani haikuteremshwa kuwa daftari la tarehe. Katika Sura Yusuf hamna mwaka, wala jina la mfalme wa Misri. Firauni wa Musa hakutajwa kwa jina lake. Tena tumeambiwa waziwazi katika Sura ya 40, aya ya 78, kwamba wako Mitume tuliosimuliwa habari zao na wako ambao hatukusimuliwa. Kitabu chenyewe kinatangaza kwamba hakikukusudia kusimulia yote.

Na turudi katika Suratul Kahf. Aya ya 22 inaeleza kwamba watu watabishana juu ya idadi ya wale vijana: wengine watasema watatu na wa nne wao ni mbwa wao, wengine watano, wengine saba. Kisha Mtume (s.a.w.) anaamrishwa aseme kwamba Mola wake ndiye ajuaye zaidi idadi yao, na asibishane juu yao ila kwa yaliyo dhahiri. Ni ajabu kubwa. Kisa kinathibitishwa, na papo hapo mlango wa udadisi usio na faida unafungwa. Pamoja na hayo watu walifuata kubishana hata juu ya rangi ya mbwa! Ibn Kathir, mfasiri wa Damascus aliyefariki mwaka 1373, aliyataja maneno yao kisha akasema kwamba hayana faida wala dalili.

Na katika Sura hiyo hiyo, aya ya 32, inaanza habari ya watu wawili, mmoja akiwa na bustani mbili, na Mwenyezi Mungu anaiita mfano. Wafasiri wamehitilafiana: je, watu hao waliishi kweli, au wamepigiwa mfano tu? Hitilafu hiyo haikumtoa yeyote katika Uislamu, kwani Kitabu chenyewe kimetumia neno mfano. Basi Qurani ina mifano na ina habari, na mwenye kusoma kwa utulivu ataona alama za kila kimoja.

Matatizo mengi, ndugu zetu, hayatoki katika Kitabu. Yanatoka katika yale tuliyoyaongeza. Ni nani katika pwani na bara asiyelijua jina la Zulekha? Lakini jina hilo halimo katika Qurani. Humo ametajwa mke wa Mheshimiwa, basi. Habari nyingi za namna hii zilitoka kwa watu wa Kitabu waliotangulia, na wanavyuoni wakaziita Israiliyati. Mtume (s.a.w.) alitufundisha, kama ilivyopokewa na Bukhari, tusiwasadikishe wala tusiwakadhibishe. Na Ibn Khaldun, aliyeandika Mukadima yake mwaka 1377, aliichunguza habari iliyonakiliwa na al-Masudi kwamba jeshi la Wana wa Israili wakati wa Nabii Musa lilikuwa watu 600,000 au zaidi. Akauliza: jeshi la namna hiyo litajipanga wapi, na litapiganaje? Na jamaa ya Yakubu iliyoingia Misri ingeongezekaje kiasi hicho kwa vizazi vichache? Akaikataa hesabu. Vivyo hivyo aliyakataa masimulizi ya mji wa dhahabu na fedha ambao baadhi ya wafasiri waliutundika juu ya jina la Iram. Hakumkataa Musa, wala hakuikataa aya. Alikata kamba zilizofungwa na watu.

Washairi wetu nao walikuwa na njia yao. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Bwana Mwengo na kuandikwa mwaka 1728, unasimulia vita vikubwa baina ya Waislamu na Herekali, mfalme wa Rumi. Lakini katika sira, msafara wa Tabuk wa mwaka wa 9 Hijria ulimalizika bila ya kupigana na jeshi la Rumi. Utendi ni hazina ya lugha yetu na tunauheshimu. Lakini mwanafunzi asiuchukue badala ya sira, wala asiikanushe sira kwa sababu ya utendi.

Wako waliokwenda mbali zaidi. Mwaka 1947 huko Cairo, Muhammad Ahmad Khalafallah aliandika tasnifu ya chuo kikuu juu ya usanii wa visa katika Qurani, akashika kwamba makusudio ya visa ni mawaidha wala si kufundisha historia, na kwamba si lazima kila kisa kiwe kimetukia. Tasnifu ilikataliwa, na zogo likawa kubwa. Sisi twasema: kwamba makusudio ni mazingatio, hilo ni kweli, na wafasiri wa kale walilijua. Lakini onyo hupata uzito wake katika tukio. Hapa kwetu katika miaka ya 1945 na 1946 Wapare waliikataa kodi ya mbiru. Wakashuka milimani kwa maelfu wakakusanyika Same, na wanawake wa Usangi nao wakaandamana. Twawasimulia watoto habari hiyo ili wajifunze ushujaa na subira. Kama hapana hata mtu mmoja aliyeshuka, mafunzo hayo yangesimama juu ya nini? Vivyo hivyo, Mwenyezi Mungu anapotuonya kwa Adi na Thamudi, anatuonya kwa kaumu zilizoangamia.

Kundi jingine limekosea upande wa pili: limeitundika imani juu ya vitu vya kuchimbuliwa. Kitabu cha daktari Mfaransa Maurice Bucaille, kilichotoka mwaka 1976, kiliwafanya wengi waseme kwamba Firauni aliyezama ni Merneptah, ambaye maiti yake iliyokaushwa ilipatikana mwaka 1898. Huenda ikawa, lakini wataalamu wa Misri hawakukubaliana, na Qurani haikutaja jina hilo. Jiwe la Merneptah lililopatikana mwaka 1896 linawataja Israili katika nchi ya Kanaani, karibu mwaka 1208 kabla ya Miladi. Hiyo ni habari yenye thamani. Lakini Nabii Musa hakuonekana katika maandishi ya Misri yanayojulikana, nasi hatuna haja ya kulificha hilo. Wafalme wa Misri walichonga mawe kutangaza ushindi wao. Kunyamaza kwa jiwe si ushahidi wa kukanusha, wala si ushahidi wa kuthibitisha.

Basi jibu letu kwa kijana ni hili. Yaliyotamkwa na Qurani kuwa ni habari, twayaamini kuwa yametukia, kwa sababu ya kumwamini Aliyeyasema. Na tuseme wazi kwamba hiyo ni imani, wala tusijidai kwamba tumeichimbua ardhini. Yanayothibitishwa na wanahistoria na wachimbuzi, twayapokea kwa kadiri ya dalili zake, tukijua kwamba elimu yao hubadilika kila dalili mpya ikipatikana. Na yaliyoongezwa na wasimulizi, twayaacha mahali pake: hayamfungi mtu imani yake.

Enyi wazazi na walimu wa madrasa, hili la mwisho ni amana juu yetu. Kila tunaloliongeza juu ya kisa linakuwa deni, na mtoto ataliandika kwa jina la Kitabu. Tukimwambia kwamba mbwa wa pangoni alikuwa na rangi kadha, au jeshi lilikuwa na watu laki kadha, tukatia uzito kana kwamba ni aya, siku atakapoona shuleni kwamba neno hilo halina msingi hatalitupa peke yake. Atalitupa na aya iliyokuwa kando yake. Basi tukisimulia, tutenge: hili limo katika Qurani, hili ni la wafasiri, na hili ni la wasimulizi.

Nanyi wanafunzi, ulizeni. Qurani imetuamrisha tutembee katika ardhi na tutazame ulivyokuwa mwisho wa waliotutangulia. Nendeni pia kwa babu na bibi zenu milimani, mwandike wanayoyakumbuka, kwani kila mzee anayefariki huondoka na habari. Na mkisoma kisa cha Mtume yeyote, baada ya kuuliza kilitukia lini, jiulizeni pia: kinanitaka nifanye nini leo?

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki kuwa ni haki na uturuzuku kuifuata. Tuonyeshe batili kuwa ni batili na uturuzuku kuiepuka. Wazidishie elimu watoto wetu, uwahifadhie imani zao, na utusamehe sisi na wazazi wetu na Waislamu wote. Amin.