Sikio na Kipimo: Historia ya Kable za Muziki

Leo tuongee historia moja ndogo yenye inafundisha mambo makubwa. Kable yenye inatoka kwenye ampli kwenda kwenye bafle inaweza kubadilisha muziki? Na kama inabadilisha, kuko chombo cha kupima ile tofauti?

Zamani hakuna mtu aliumiza kichwa na swali hilo. Ulinunua ampli, ukafunga na waya wa kawaida kama ule wa taa, basi. Mambo yaligeuka mwishoni mwa miaka ya 1970 huko Marekani, wakati injinia Noel Lee alianza kuuza waya mnene chini ya jina la Monster Cable. Wengine wakafuata, na bei ikapanda mpaka maelfu ya dola. Wauzaji wengi walisema: sikio linasikia vitu vyenye chombo hakiwezi kupima.

Tuanze na fizikia ya sekondari. Waya karibu wote ni shaba, ile ile yenye tanuru ya Lubumbashi ilianza kuyeyusha mwaka 1911. Shaba inapitisha umeme vizuri, lakini waya ukiwa mwembamba na mrefu, unazuia. Chukua waya wa milimita mraba 0,2, meta 9 kwenda na meta 9 kurudi: unapata karibu omu 1,5. Kama bafle ina omu 8, inapoteza karibu asilimia 16 ya volti. Hiyo ni desibeli 1,5, sikio linaweza kuisikia. Na waya wa milimita mraba 1,3, hasara ni karibu asilimia 3 tu.

Mwaka 1983, Laurence Greenhill aliandika katika gazeti Stereo Review juu ya jaribio lenye wasikilizaji hawakujua waya gani inacheza. Waya mwembamba sana, walitambua, zaidi wakati wa kusikiliza kelele ya kupimia. Lakini kati ya Monster na waya mnene wa kawaida, wakisikiliza muziki, hawakuweza kutofautisha. Sawa na vile hesabu yetu inasema.

Njia ya namna hiyo haikuanza na kable. Watafiti wa Bell Labs walieleza jaribio la ABX mwaka 1950, na David Clark alilileta kwa vyombo vya muziki mwaka 1982. Unasikiliza A, unasikiliza B, kisha X. Unasema X ni nani. Kwa kubahatisha tu, mara 16 utapata karibu 8. Ukipata 12 ao zaidi, bahati peke yake inafika huko chini ya mara 4 kwa 100. Hapo tunaanza kukuamini.

Mwaka 2007 James Randi aliahidi dola milioni moja kwa mwenye kutambua kwa sikio kable ya dola 7.250. Jaribio halikufanyika, pande mbili zilibaki kulaumiana.

Sasa jibu. Tofauti kati ya kable inapimika, tena chombo kinaona hata ndogo sana yenye sikio haliwezi kufikia. Chenye kinakosa mara nyingi si kipimo, ni ushahidi kama mtu anasikia kweli. Na wenye kusema banasikia si waongo: sauti ikipanda kidogo tu, tunaona ni nzuri zaidi, na tukijua bei, sikio linafuata macho. Ni kweli pia kwamba jaribio moja halifungi mlango kwa watu wote. Lakini mwenye kudai njo anapaswa kuonyesha.

Kwa sisi wasomi, hii si maneno ya muziki tu. Dawa mpya pia inapimwa hivyo: mgonjwa na munganga wote hawajui nani amepewa dawa ya kweli. Basi mtu akikuambia toa makuta mengi ju ya kable, mwambie afunike macho yako, abadilishe mara 16, na aandike kila jibu. Kisha muhesabu pamoja.