Bunduki na Cheti Chake

Msomaji mpenzi, kama ungalisimama kando ya ziwa la Naivasha yapata miaka mia moja na arobaini iliyopita, ungaliusikia msafara kabla ya kuuona. Watu wa pwani waliopanda bara kutafuta pembe walipita njia hiyo kuelekea Baringo, na desturi yao ilikuwa kupiga magobori hewani wakaribiapo kijiji, ili wenyeji wajue kwamba wageni wamefika. Mlio ule ulikuwa salamu, na ulikuwa pia onyo. Hapakuwa na mtu wa kuuliza gobori hili ni la nani, wala limeandikwa katika daftari gani. Aliyelishika ndiye mwenyewe.

Leo mambo si hivyo, na nataka kukueleza jinsi karatasi ilivyoingia kati ya mtu na bunduki katika Bonde letu la Ufa. Vijana wengi hudhani kwamba cheti cha bunduki ni jambo la polisi tu, lisilo na habari ya kusomesha. Nami nilidhani hivyo zamani.

Karatasi hiyo ilitoka mbali. Tarehe 2 Julai 1890, katika mji wa Brussels huko Ubelgiji, yalitiwa sahihi mapatano ya dola 17, Zanzibar ikiwa mojawapo. Dola hizo zilikuwa zimekutana kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa, zikaona kwamba biashara hiyo hulindwa kwa bunduki. Basi zikakataza silaha za kisasa zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, tangu latitudo ya 20 kaskazini hata ya 22 kusini, isipokuwa kwa ruhusa. Silaha ziwekwe katika ghala la serikali. Kila moja isajiliwe na kupigwa chapa. Mwenye kupewa awe mtu wa kuaminika, asiyeweza kumpa wala kumwuzia mwingine. Cheti chake kionyeshe jina lake na chapa ya silaha, kidumu miaka 5, na kiweze kufutwa akiitumia vibaya.

Tazama maneno yale, mtu wa kuaminika. Aaminiwe na nani? Mapatano hayakumwuliza Mnandi, wala Mmaasai, wala Mkikuyu. Mwenye kupima uaminifu alikuwa afisa wa serikali ya kikoloni, na serikali yenyewe haikuhitaji cheti. Ilipopigana na Wanandi kati ya mwaka 1895 na 1906, ilikuja na bunduki ya Maxim, ambayo hujishindilia yenyewe na kumimina risasi mfululizo.

Hapa nikuombe tuondoke bondeni kidogo, kwani jina hilo la Maxim lina kisa. Hiram Stevens Maxim, aliyeivumbua bunduki hiyo mwaka 1884, aliisikiliza muda mrefu mno hata masikio yake yakaharibika. Mwanawe, Hiram Percy Maxim, alishika njia nyingine: tarehe 30 Machi 1909 alipata hataza huko Marekani ya chombo cha kuzimia mlio wa bunduki. Hewa ya moto itokayo mtutuni kwa nguvu ndiyo ifanyayo kishindo; chombo chake kiliichelewesha na kuipoza kabla haijatoka. Ni ndugu wa silensa iliyo chini ya motakaa. Baba alitengeneza kelele, mtoto akatengeneza kimya.

Siku zile zile Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alikuwa baharini akija kuwinda kwetu. Alishuka Mombasa mwezi Aprili 1909, akapanda reli, na baadaye akawinda viboko Naivasha. Leseni ya mwindaji mgeni ilikuwa pauni 50, fedha ambazo kibarua wa shamba la Njoro asingaliweza kuzipata kwa miaka mingi ya jasho. Kumbe karatasi huweza kumzuia mtu bila kumtaja: yatosha kuipandisha bei.

Chombo kile cha kimya nacho hakikuachwa bila karatasi. Mwaka 1934 Marekani ilikitoza ushuru wa dola 200 kila kiuzwapo, na kumtaka mnunuzi aandikishwe. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1937 ilikwenda mbali zaidi: ilisema kwamba kifaa chochote cha kupunguza mlio au mwako wa bunduki kihesabiwe kuwa ni bunduki yenyewe. Ukoo wa sheria hizo za Kiingereza ndio uliozaa sheria ya silaha ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1954.

Angalia mwaka huo. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Katika mashamba ya Nakuru na Naivasha walowezi, wake kwa waume, walikula chakula cha jioni bastola zikiwa mezani, kila moja na cheti chake. Waliowalimia mashamba hayo hawakuwa na cheti, na wengi wao walifukuzwa kwa nguvu, wakarudishwa katika nchi ya Wakikuyu. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 wapiganaji wa Mau Mau walikivamia kituo cha polisi cha Naivasha, wakachukua bunduki zaidi ya 40 na kuwafungua wafungwa zaidi ya 170. Wengine msituni walijiundia bunduki kwa mabomba ya maji, makomeo ya milango na vipande vya mpira. Bunduki za namna hiyo nani angezisajili?

Chini ya sheria za Hali ya Hatari, kukutwa na silaha bila idhini kulikuwa kosa la kunyongwa. Dedan Kimathi alikamatwa karibu na Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956, na watu wengi hudhani kwamba alihukumiwa kwa kuongoza vita. La. Mashtaka yaliyosomwa mahakamani yalikuwa ya kuwa na bastola na risasi 6 bila idhini ya sheria. Alinyongwa tarehe 18 Februari 1957. Kila niwasomeshapo wanafunzi wangu chuoni habari hii, chumba hunyamaza.

Sheria ile ya 1954 imerekebishwa mara nyingi, lakini ingali ndiyo sheria yetu. Mwenye kutaka silaha hupeleka maombi, huchunguzwa tabia na akili, hueleza atakavyoihifadhi. Naye muuza silaha haruhusiwi kumwuzia mpaka aone cheti, kisha huandika biashara hiyo katika daftari lake. Tofauti ni kwamba sasa cheti hakiulizi rangi ya mtu. Huuliza sababu. Mwaka 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji, na sababu ambayo Roosevelt alishuka nayo Mombasa haikubaliki tena. Mkulima wa Nakuru akienda leo kuomba bunduki, au chombo cha kuizima mlio, ataketi mbele ya afisa na kuulizwa: waitakia nini? Jibu lake litaandikwa, na jalada lake litawekwa.