Hataza Iliyopitia London: Miritini, Tudor na Haki ya Mvumbuzi

Miritini, kwenye bara ya Mombasa kando ya barabara kuu ya Nairobi, ni mtaa uliozoea kazi ya vyuma: reli ya zamani ilipita hapo, stesheni ya reli ya kisasa ikafunguliwa hapo mwaka 2017, na mafundi wa jua kali huchomelea chesisi za matrela na kuchonga vipuri visivyopatikana madukani. Kijana wa huko aliyetaka kuusomea ufundi huo alivuka mkono wa bahari wa Makupa hadi Tudor, kisiwani Mombasa, kwenye chuo kilichoanzishwa enzi za ukoloni kwa elimu ya ufundi ya Waislamu, kikawa politekniki mwaka 1972 na, mwaka 2013, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa.

Kwa sehemu kubwa ya historia hiyo sheria haikumjali kijana huyo kama mvumbuzi. Mwenye duka la leso aliweza kusajili nchini alama ya biashara, yaani jina au nembo inayotofautisha bidhaa zake na za wengine. Lakini hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wake kwa muda maalumu, ilisajiliwa Kenya pale tu ilipokuwa imekwisha kutolewa Uingereza. Utaratibu huo, ambao uliwafaa wenye mali kuliko wenye akili ya kubuni, ulidumu zaidi ya robo karne baada ya uhuru, hadi Sheria ya Mali ya Viwandani ya 1989 ilipoanza kutumika mwaka 1990.

Vyuo vikuu navyo vilichelewa kuzinduka. Mwaka 2000 ulizuka mgogoro kati ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Oxford, kwa kuwa ombi la hataza ya chanjo ya Ukimwi, iliyotokana na utafiti uliowahusisha wanawake wa Nairobi walioonekana kutoambukizwa, liliwasilishwa bila Wakenya kutajwa; baadaye makubaliano yalirekebishwa ili Nairobi iwe mmiliki mwenza. Fundisho lilikuwa kali na la haki: jina lisiloandikwa mapema hudaiwa kwa taabu.

Sheria mpya ya 2001 ilimpa mwajiri uvumbuzi wa mwajiriwa uliotokana na kazi yake, isipokuwa mkataba useme vinginevyo, na ikaweka pia cheti cha miaka 10 kwa maboresho madogo ya vifaa, ambacho ndicho hasa kinachofaa gereji za Miritini. Mwanafunzi, hata hivyo, si mwajiriwa, na fundi anayemchongea kifaa cha mradi si mwajiriwa wa chuo. Kuchonga kwa kufuata mchoro peke yake hakumfanyi fundi kuwa mvumbuzi. Lakini akibadilisha pembe ya bawaba ili kifaa kisikwame, na wazo likawa lake, anastahili kutajwa kwenye ombi, na jambo hilo chuo kinaweza kulithibitisha kwa daftari la karakana lenye tarehe na sahihi, lililoandikwa siku ileile.