PhD ya takwimu: Mambo 5 ya kujua kabla hujalipa ada ya maombi

Kijana wa Mtendeli, Kibondo au Kasulu anayetaka PhD ya takwimu anaweza kuomba vyuo vya hapa nyumbani au vya nje. Shida ni kwamba wengi hutuma maombi yaleyale kila mahali, hela inakwisha, majibu hayaji. Anza na haya.

1. Kila nchi na utaratibu wake
Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) hutaka uwe na shahada ya uzamili na andiko la utafiti. Marekani, vyuo vingi hupokea hata mwenye shahada ya kwanza. Ulaya, nafasi nyingi hutangazwa kama ajira yenye mshahara.

2. Hesabu ndiyo inaangaliwa
Kujua SPSS peke yake hakutoshi. Vyuo huangalia alama zako za kalkulasi, aljebra na nadharia ya uwezekano. Kama una pengo, lizibe kwanza. Jifunze pia R au Python, zote ni bure.

3. Ulizia ufadhili mapema
Vyuo vingi vya Marekani humlipia mwanafunzi wa PhD ada na posho, naye husaidia kufundisha au kufanya utafiti. Ukipata nafasi isiyo na ufadhili, usikimbilie kukopa. Ada ya maombi nayo inaweza kusamehewa: andika barua pepe, omba kabla ya kulipa.

4. Chagua wadhamini wanaokujua
Mara nyingi zinatakiwa barua 3. Mhadhiri aliyesimamia utafiti wako ana uzito kuliko mheshimiwa anayelijua jina lako tu. Mpe angalau mwezi mmoja, pamoja na CV na matokeo yako.

5. Anza mwaka mmoja kabla
Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi Desemba, kwa masomo ya Agosti au Septemba mwaka unaofuata. Kabla ya kulipia mtihani wa Kiingereza, uliza kama unasamehewa kwa kuwa ulisoma chuo kwa Kiingereza. Duolingo na TOEFL unaweza kufanyia nyumbani, lakini umeme au mtandao ukikatika katikati, mtihani unaweza kuharibika. Tafuta sehemu ya uhakika mjini.

Mwisho, usimlipe mtu anayekuahidi nafasi. Maombi hutumwa moja kwa moja kwenye tovuti ya chuo.